Barua kwa dada Mwanasha: pesa za Ramadhani na habari za Shee

Toronto,
Februari 23, 2025

Kwa dada yangu mpenzi Mwanasha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima wa afya, hofu yetu ni kwenu. Mama Shee anakusalimu, Rukia anakusalimu, na mrefu wetu, mwanangu Shee, anakusalimu, ingawa salamu zake ni neno moja tu kama unavyomjua. Nishikie Mama mkono, na umwambie ile sauti yake ya juzi nimeisikia na nitaijibu humu humu.

Pesa za Ramadhani nimezituma leo asubuhi, na nimezituma kwenye simu yako wewe. Sikuzituma kwa ndugu yetu Bakari na sitazituma kwa Bakari. Akikuuliza sababu, mwambie aniulize mwenyewe. Humo mna za dawa ya macho ya Mama, za futari, na za sadaka ya marehemu Baba pale msikitini. Za zege ya ghorofani hamna. Nitakueleza kwa nini, lakini soma mpaka mwisho kabla hujampa mtu barua hii.

Nimeambiwa, na usiniulize na nani, kwamba Bakari aliketi barazani mbele ya watu wazima akasema, "Athman pesa zake zote anazimwaga ndani ya friji." Watu wakacheka. Dada, msingi wa nyumba ile nani alitoa? Mabati nani alitoa? Saruji ya mwaka jana, mifuko ambayo hadi leo haijulikani ilijenga ukuta gani, nani alitoa? Leo nimemtazama mwanangu mmoja, nimekuwa kichekesho cha baraza. Nilikosa usingizi kwa neno lile, na usingizi wenyewe kwangu ni wa mchana, kwa sababu ya zamu zangu.

Basi nikueleze wewe, kwa kuwa ni mwalimu na hutanicheka. Huku Ontario kuna ligi kubwa ya magongo ya barafuni ya vijana wa miaka 16 hadi 20. Ina timu 20: 17 za jimbo hili na tatu ziko ng'ambo ya mpaka, Marekani, kule Erie, Flint na Saginaw. Kila mwaka timu hizo huchagua kwa zamu watoto waliofikia umri, na mwaka huu ni waliozaliwa 2009. Siku zenyewe ni Ijumaa Aprili 11 na Jumamosi Aprili 12. Mtoto hachagui timu. Jina lake husomwa, na tangu hapo timu ile ndiyo yenye haki naye. Wengi wa wanaolipwa mamilioni kule NHL, ligi kuu ya mchezo huu, walipitia mlango huu. Wengi zaidi walipita papo hapo wakaishia kuwa mafundi bomba, hilo nalijua, usinikumbushe.

Tangu Septemba wasaka vipaji wanamfuata Shee wetu. Watu hawa utawajua bila kuambiwa. Hawakai na sisi wazazi. Husimama juu kabisa kwenye pembe, mmoja mmoja, koti lina nembo ya timu, mkono mmoja kahawa na mwingine kidaftari. Wanatukwepa kwa sababu mzazi akishamwona msaka vipaji hawezi kuuzuia ulimi, na mimi sijitoi. Hufika mapema, watoto wakiwa bado wanapasha mwili, na wengine huondoka mchezo haujaisha, kumbe wameshaona walichokuja kukiona. Nami nilidhani wanahesabu mabao! Bao hata bibi wa kahawa ameliona. Wao hutazama mtoto akinyang'anywa kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira: anarudi mbio kuzuia, au anarudi taratibu kama hakuona? Kichwa kiko juu, au macho yameinamia gongo? Akikaripiwa na kocha anamtazama usoni, au anatazama dari? Mtoto aliyefunga mawili akaja akagonga gongo lake ukutani kwa hasira ya la tatu, hilo nalo linaandikwa.

Shee amefika futi sita na inchi nne, na ni mtoto wa Novemba. Huo mwezi ni jambo kubwa. Waliozaliwa mwaka mmoja huwekwa kundi moja, kwa hivyo wa Januari amemtangulia wetu miezi kumi, na katika umri huu miezi kumi ni misuli na ndevu. Tazama orodha za timu hizi: wa Januari, Februari na Machi wamejaa, wa mwisho wa mwaka wa kuhesabika. Ndiyo maana wakimwona mrefu wa Novemba ambaye bado uso wake wa kitoto, husogea karibu.

Lakini urefu nao ulitutesa. Mwaka juzi alipoota kwa ghafla, aliisahau miguu yake. Mtoto aliyekuwa akiteleza vizuri akawa anaanguka pasipo mtu. Kocha akamtia kikosi cha nne, anaingia barafuni kwa nadra na kutolewa upesi. Hapo ndipo ilipokwenda zege ya Bakari, dada, sikufichi. Nilimtafutia mwalimu wa kuteleza, mama mmoja mkali, akamrudisha chekechea: pinda magoti, keti chini zaidi, sukuma kwa ukingo wa chuma na mguu uumalize mwendo wake. Mtu mrefu akisimama wima kwenye barafu, kijana wa futi tano na nusu anamwangusha. Tulikuwa tukienda kabla ya alfajiri, maana saa hizo uwanja ni rahisi kukodi. Jumlisha magongo, ambayo moja hupita dola 300 na huvunjika kama halina mwenyewe, na viatu ambavyo kila miezi michache havimtoshi. Sijali. Sasa ukimwona utasema aliteremka tumboni na viatu vile.

Akiwa karibu na ukuta wa pembeni, mgongo ameuelekeza kwa adui na kisahani ameficha upande wa pili wa mwili, hakuna wa kumpokonya. Timu pinzani ikipunguziwa mtu kwa adhabu, yeye hutumwa kusimama mbele ya golikipa amzibe macho. Ni kazi ya kupigwa magongo ya mgongo na vifundo, naye anaipenda. Ukaidi huo sikumpa mimi, ni wako. Kilichosalia ni hatua tatu za kwanza. Akishashika kasi hashikiki, lakini akitoka kusimama bado mzito, na hili si neno langu, wamelisema wao.

Mwezi uliopita bwana mmoja wa timu ya kaskazini aliniteremkia mwenyewe. Akaniuliza, wewe una urefu gani? Nikamwambia. Mama yake? Nikamwambia. Babu zake? Hapo nikapanua kifua. Nikamweleza Mzee Shee wa Kibokoni, aliyekuwa akiinama kwenye kila mlango wa Mji wa Kale na hata hivyo paji lake lilikuwa na alama. Akaandika, wallahi aliandika! Akauliza saizi ya kiatu cha kijana, nikamwambia 14, akatikisa kichwa kwa furaha maana mguu mkubwa hivyo una habari ya mbele. Mwisho akaniambia kuteleza wanaweza kumfunza, urefu hawawezi kumfunza mtu. Nikarudi garini nikiwa kimya, nikataka kumpigia Baba, nikakumbuka.

Yuko pia mzazi mmoja aliyeniuliza, kwa tabasamu, mbona kijana mrefu vile hachezi mpira wa kikapu. Kila mwaka hutokea wa kuuliza hivyo. Nikamwuliza kama anamjua Quinton Byfield. Anamjua, nani asiyemjua. Babake ametoka Jamaica, mwenyewe kazaliwa Newmarket, hapa juu yetu tu. Sudbury, timu ya ligi hii hii, walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2018, na 2020 Los Angeles wakamchukua wa pili katika NHL nzima. Hakuna mchezaji mweusi aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi kile. Naye ni mshambuliaji wa kati, kipande cha mtu kama wetu. Yule mzazi akarudi kwenye kahawa yake.

Kahawa yenyewe, dada, usiombe. Maji ya rangi ndani ya kopo la karatasi, watu wanakunywa wamesimama na hawasemezani. Hakuna dele wala kashata, wala mtu wa kukuuliza umeamkaje. Jioni nyingine nikiwa pale uwanjani hunijia ile saa baada ya magharibi, vikombe vikigongana, na watu wakimbishia Mzee Faki. Halafu kengele ya uwanja inalia na nakumbuka kwamba Bakari ndiye aliyeketi pale siku hizi, ananisema.

Sasa la Mama. Amesikia kwamba akichaguliwa, Shee atahamia mji mwengine akae na familia asiyoijua, na amesema mjukuu wake hatalelewa na watu wasiojua halali na haramu. Ni kweli wachezaji wa mbali huwekwa kwenye nyumba za wenyeji, na Sault Ste. Marie kutoka hapa ni safari ya kutwa kwa gari. Lakini wengi wanaochaguliwa hubaki kwao mwaka mmoja zaidi. Na timu zikija kuzungumza na wazazi, Mama Shee ndiye anayeuliza kwanza, kabla yangu: jikoni kwao wanapika nini, na Ijumaa nani atampeleka msikitini. Mmoja alikuwa na jibu, mwengine alitoa macho. Tumeandika majina yote mawili. Na umkumbushe Mama kwa heshima kwamba Bakari alipelekwa Lamu kwa ami akiwa na miaka 12, na hakuna aliyelia. Pengine tungelia kidogo angerudi na adabu.

Na hoja yako ya masomo nimeisikia, usidhani nimeipita. Katika ligi hii kila msimu anaocheza kijana, analipiwa mwaka mmoja wa masomo ya juu. Zamani palikuwa na mtego: ukicheza huku, vyuo vya Marekani vilikufungia mlango wa michezo. Novemba iliyopita wakubwa wa michezo ya vyuo kule wameifuta sheria hiyo, na kuanzia Agosti 1 mwaka huu kijana aweza kucheza huku kisha akaenda kule. Kwa hivyo usiniambie nimemtoa mtoto darasani. Hesabu yake ina alama nzuri kuliko yangu ya wakati wowote, na unazijua zangu, wewe ndiwe uliyekuwa ukizificha Baba asizione.

Saumu nayo umeiuliza. Mashindano makubwa ya mwisho kabla ya uchaguzi yapo hapa hapa Toronto mwezi wa Machi, na timu yetu imeingia. Yataangukia ndani ya Ramadhani. Wasaka vipaji wote watakuwa pale, timu zote 20. Shee anasema atafunga. Mamake anasema siku ya mechi atakula na atalipa baadaye. Machi 9 saa zinasogezwa mbele, magharibi inakuwa kama saa moja na nusu, na mechi nyingine zitakuwa zimekwisha. Hawajaafikiana, na mimi nimejitia kusikiliza redio. Muulize Maalim Omar anasemaje, lakini umuulize wewe, si Bakari, maana Bakari atafikisha swali lengine.

Na huyo Bakari anayesema huu ni mchezo wa wazungu, mwambie basi lake la Nairobi likiingia Mombasa Road linapita mbele ya hoteli ya Panari. Ndani ya hoteli hiyo mna uwanja wa barafu tangu 2005, na mna vijana wa Kenya wanaocheza mchezo huu huu, wanaitwa Ice Lions. Mwaka 2018 waliletwa hapa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na huku hayo majina mawili ukiyataja watu wanasimama. Septemba iliyopita Kenya imepokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Shee ameshaniuliza kama siku moja ataweza kuvaa jezi ya Kenya. Nikamwambia tumalize kwanza ya Aprili.

Ijumaa hiyo ya uchaguzi, kwenu itakuwa usiku wa manane. Msikeshe. Wa kwanza kuitwa ni wale ambao hata magazeti yamekwisha kuwataja, na wetu sidhani kama ataitwa siku hiyo. Jumamosi huenda. Nitakupigia. Nisipopiga, usipige.

Baada ya hapo ndipo tutazungumza habari ya zege. Sikusema sitatoa, nimesema si sasa, na haya mawili Bakari anayachanganya kwa makusudi.

Mke wa Maalim anasafiri mwezi ujao kuja kwa bintiye Mississauga. Mpe achari ya maembe, ile yako, si ya kununua, na kofia mbili za vito, moja ya kichwa kikubwa. Shee anahitaji kanzu ya Idi. Ile ya mwaka jana imekuwa ya magotini na hataki kuonekana nayo. Fundi asikisie. Kutoka bega hadi kifundo ni inchi 62, mikono aipe nafasi, na aache pindo nene la kuteremsha maana kijana hajamaliza. Pesa ya fundi nimeitia ndani ya zile za leo.

Risiti za saruji, mwambie Bakari azipige picha anitumie. Picha tu zanitosha.

Wasalaam,
Nduguyo mdogo,
Athman