Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: runinga ya kanda yetu isizimwe kabla ya kupunguzwa uzito

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi wa eriali,

Hesabu za mwaka mnazo mkononi kutoka kwa mweka hazina, kwa hivyo sitazirudia. Taarifa hii naielekeza kwa jambo moja: uwezekano wa kufungwa kwa runinga ya bure ya kanda hii ya Ziwa Victoria, ile inayonaswa kwa eriali bila malipo ya mwezi. Msimamo wa kamati ni kwamba kati ya kuendelea kama ilivyo na kuzimwa kabisa ipo njia ya tatu. Kituo kinaweza kupunguza uzito wake hewani, yaani nafasi ya urushaji kinayolipia, na sisi mafundi tunaweza kukirudishia watazamaji kinaowapoteza kwa sababu ya eriali na waya mbovu.

Nianze na gharama, maana hapo ndipo wengi hukosea. Zama za analojia, mfumo wa zamani wa kurusha runinga, kituo kilikuwa na mnara wake, mtambo wake na masafa yake. Tangu dijitali izinduliwe nchini Kenya Desemba 2009, kazi imegawanywa. Kituo hutengeneza vipindi. Urushaji hufanywa na wasambazaji wenye leseni, yaani kampuni tatu: Signet iliyo chini ya KBC, shirika la utangazaji la taifa; PANG; na ADN ya kampuni za habari za Royal Media, Nation na Standard. Mfanyabiashara wa Kondele anaweza kuacha kutangaza biashara yake mwezi mzima, lakini ada ya usambazaji haisubiri.

Kinacholipiwa ni nafasi. Maltipleksi moja (fungu la chaneli zinazorushwa pamoja) ya DVB-T2, mfumo wa dijitali unaonaswa kwa eriali, hukalia masafa yenye upana wa megahazi 8 na hubeba takriban megabiti 30 hadi 40 kwa sekunde, kutegemea ilivyopangwa. Chaneli ya picha ya kawaida iliyobanwa kwa MPEG-4, njia ya kupunguza ukubwa wa picha, hutosheka na megabiti 2 hivi. Ya HD, yaani picha kali, hutaka 5 hadi 8, yaani nafasi ya chaneli tatu. Habari za jioni, mahojiano ya studio na matangazo ya vifo hayahitaji HD. Mpira ndio unaoumia: mechi ya Gor Mahia ikibanwa kupita kiasi, nyasi huvunjika vigae na mpira wenyewe hupotea. Basi kituo kishuke hadi picha ya kawaida, kiombe nyongeza ya megabiti siku ya mechi tu, na kilipie minara inayofika kwa watazamaji wake badala ya kila mnara ulio kwenye mkataba.

Kuna jambo ambalo nataka kila mwanachama alielewe vizuri. Mtambo unaorusha kilowati 1, ukijumlisha ubaridi wa chumba, unaweza kula kilowati 4 za stima. Kwa siku 30 hizo ni yuniti 2,880. Stima ikipotea, jenereta hunywa lita 2 hadi 3 za dizeli kila saa. Mtambo huo hula kiasi kilekile ukibeba chaneli tano au kumi na tano. Kwa hivyo kituo kimoja kikijiondoa, bili haipungui; waliobaki ndio wanaougawana mzigo, na aliye dhaifu zaidi kati yao ndiye anayefuata mlangoni. Ndiyo sababu kamati inapendekeza vituo viwili vya kanda vitumie nafasi moja kwa zamu, kimoja kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, kingine kutoka hapo hadi usiku. Makubaliano ya namba ya chaneli na ya nani analipa lini yaandikwe kabla ya kuanza, kwa sababu hapo ndipo ubia wa namna hii hukwama.

Wapo wanaosema watu watahamia intaneti. Tupige hesabu. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Saa mbili za kutazama kila siku ni takriban GB 27 kwa mwezi, kwa nyumba moja ya Nyalenda au Ahero. Dishi la setilaiti halina ada ya mwezi kwa chaneli za bure, lakini kituo nacho kitalazimika kulipia nafasi angani, na mvua kubwa za kwetu hukata mawimbi ya Ku, masafa ya setilaiti, saa ileile watu wa Nyando wanapotaka kujua mto umefika wapi. Huko Australia, watazamaji wa Mildura walizimiwa Network 10 hewani Juni 30, 2024 na kubaki na njia kama hizi. Mzee asiye na simu janja hafarijiki kuambiwa vipindi viko mtandaoni.

Sasa kazi yetu. Dijitali haififii polepole kwa chenga kama analojia. Picha hukaa safi hadi ubora ushuke chini ya kiwango, kisha hukatika ghafla, na mwenye nyumba huamini kituo kimefungwa. Mwaka huu, uvumi wa kufungwa ukiwa umeenea, kosa hili ni la hatari maradufu, kwa sababu kila nyumba iliyokata tamaa huhesabiwa kama ushahidi kwamba hakuna anayetazama.

Kabla ya kupanda juu ya paa, uliza kwa jirani. Kama kwake inaonekana, shida iko nyumbani kwa mteja. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi usome mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, usiongeze busta (kifaa cha kukuza mawimbi), na kama ipo itoe. Masafa ya juu ya megahazi 694, yaliyokuwa ya runinga zamani, sasa yametengewa simu, na busta iliyo karibu na mnara wa simu huzidiwa ikaharibu kila kitu kinachopita ndani yake. Pakihitajika busta kweli, itanguliwe na chujio la 4G, linalozuia mawimbi ya simu.

Vyote viwili vikiwa chini, tazama mkao wa eriali. Vijiti vilivyolala wakati mawimbi yanarushwa yakiwa wima, au kinyume chake, vinaweza kupoteza desibeli 20, yaani ukabaki na sehemu moja tu ya mia. Kisha angalia waya. RG6 nzuri, waya wa kawaida wa eriali, hupoteza takriban desibeli 19 kwa mita 100 kwenye masafa ya juu, kwa hivyo mita 15 si tatizo. Tatizo ni kiungo kilichofungwa kwa mkono nje bila kuzibwa. Maji huingia kwenye nyuzi za nje na kushuka hadi ndani ya king'amuzi. Acha waya uning'inie kidogo chini ya tundu la ukutani ili maji yadondoke hapo, na uhakikishe hakuna unywele wa waya wa nje unaogusa ule wa kati. Nyumba zilizo kisogoni mwa vilima, kama zile za chini ya Riat, zahitaji mlingoti mrefu zaidi kabla ya kufikiria busta. Na mlingoti wa chuma uunganishwe na ardhi. Radi za kanda hii mnazijua.

Mwisho wa kazi ni kutafuta chaneli. Msifute orodha yote wakati mawimbi hayapo, kwa sababu king'amuzi kitahifadhi utupu. Tafuteni kwa mkono: chaneli ya UHF (masafa ya runinga) namba 21 ni megahazi 474, na kila namba inayofuata huongeza 8, kwa hivyo namba 30 ni 546.

Februari 2015, runinga nne kubwa zilipokaa gizani karibu wiki tatu katika mvutano wa kuhamia dijitali, hakuna eriali ambayo ingesaidia. Hali hiyo ikirudi, mwanachama asimtoze mtu pesa za kupanda paa, wala asimuuzie king'amuzi cha kulipia akimwambia kitarudisha chaneli ya kanda. Anayefanya hivyo ataitwa mbele ya kamati.

Kuhusu mamlaka, katibu ataandikia Mamlaka ya Mawasiliano chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kuuliza kama ombi lolote la kituo kusalimisha leseni yake limewasilishwa. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kituo nacho tutakiandikia kuhusu picha ya kawaida na nafasi ya zamu.

Barua hizo zitakuwa na nguvu zikiambatana na vipimo. Fomu ziko kwa katibu. Andikeni mtaa au kijiji, masafa, nguvu, ubora, saa, na kama mvua ilikuwa ikinyesha. Pimeni mara mbili: jioni kati ya saa moja na saa tatu, na alfajiri kukiwa kimya, kwa sababu wakati huo mawimbi ya mbali huweza kuvuka ziwa na kuingilia yetu. Jina la mwenye nyumba halihitajiki. Tunataka fomu za Seme, Maseno, Ahero, Muhoroni na mitaa yote ya mjini zirudi kabla ya masika kuanza mwezi wa tatu, maana baada ya hapo tutashindwa kutofautisha mnara dhaifu na waya uliolowa.