Kidole cha Jaji

Brooklyn Park, Minnesota
13 Oktoba 2019

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila baridi imeshaanza kubisha hodi na makoti yametolewa kabatini. Juzi niliongea na Mama, akaniambia umejifungia ndani tangu klabu ilipokuacha. Usiku huohuo nikapata barua yako. Nimeisoma mara tatu. Miaka 11 langoni, kisha mtu anakutumia ujumbe wa simu wa mistari miwili, hata ahsante hamna! Imeniuma, wallahi. Lakini yale maneno yako ya mwisho, kwamba ukishavua glovu wewe si mtu tena, hayo nimeyakataa. Ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu.

Nataka nikupe habari za mzee mmoja wa hapa.

Mwaka 2014, nilipokuwa mgeni, Wakenya wa hapa tulitoka asubuhi kushangilia marathoni ya Minneapolis na St. Paul. Ndiyo siku ile Dominic Ondoro wetu alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 51. Tumesimama na bendera kando ya njia, koo zimekauka kwa makelele, mara nasikia sauti nzito kama honi ya meli inayoingia Kilindini. Kugeuka, namwona mzee mweusi, mrefu, amejivika lile tarumbeta la shaba linalozunguka mwili mzima na mdomo wake kupita juu ya kichwa. Anawapulizia wakimbiaji kwa moyo wake wote. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa karibu, huyu nani? Akanijibu: ni jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, na zamani alikuwa mchezaji futiboli.

Jina lake Alan Page. Tangu siku ile sijaacha kumfuatilia.

Futiboli yao umeiona kwenye televisheni, ile ya kofia ngumu na kugongana. Kazi ya Page ilikuwa kuvunja ukuta wa wapinzani na kumfikia mrushaji kabla hajauachia mpira. Aliingia timu ya Minnesota Vikings mwaka 1967 akitokea Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwaka 1971 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, ile wanayoiita NFL. Kabla yake hakuna mlinzi aliyewahi kuipata tuzo hiyo ya NFL. Wewe kipa unajua uzito wa jambo hilo, maana tuzo siku zote huenda kwa wanaofunga. Misimu 15, mechi 218, hakukosa hata moja. Super Bowl, yaani fainali ya ligi yao, alifika mara nne na timu yake ikafungwa mara zote nne.

Sasa sikiliza jambo lililonishika mimi. Siku moja kwenye kikao cha timu, kocha aliwaambia wachezaji wasome kwa sauti kile kitabu cha mbinu. Page akatambua kwamba baadhi ya wenzake hawawezi kusoma. Watu wazima, waliopita shule hadi chuo kikuu, wakipitishwa darasa baada ya darasa kwa kuwa wana nguvu uwanjani. Nikikumbuka pale nyumbani vijana tuliocheza nao, waliokuwa wakiandikiwa majibu ya mtihani ili wasikose mashindano ya shule, naona kama nawatazama haohao. Wako wapi leo? Wawili unawajua, unakutana nao stendi kila siku.

Page mwenyewe aliutamani uanasheria tangu utotoni. Alikulia Canton, Ohio, mji wa viwanda vya chuma, na mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 13. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma, alikuwa mtoto wa miaka minane, na jambo hilo likamkaa moyoni. Lakini alipojaribu kusoma sheria mara ya kwanza, mwanzoni mwa maisha yake ya mpira, alidumu wiki tatu tu akaacha. Wiki tatu, Rashidi! Wewe kozi ya umeme uliisoma mwaka mzima kabla ya kuiacha. Alirudi tena miaka ya sabini, Chuo Kikuu cha Minnesota, akawa anasoma huku bado anacheza, na mwaka 1978 akahitimu.

Mwaka huohuo Vikings wakamtupa. Mkewe, Diane, alikuwa ameanza kukimbia ili aache sigara, naye Page akamfuata, akanogewa, na uzito ukamshuka. Vikings wakaona amekuwa mwembamba mno kwa nafasi yake. Chicago Bears wakamchukua kwa dola 100, ile ada ya kumchukua mchezaji aliyeachwa. Dola mia, mtu aliyekuwa mchezaji bora wa ligi! Akacheza Chicago mpaka 1981, na miezi isiyo ya ligi akafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili. Waliokuwa wakimpangia bei hawakujua kwamba yeye ameshajipangia safari nyingine.

Ilipofika 1992 alitaka kugombea ujaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Gavana akarefusha muda wa jaji aliyekuwepo, uchaguzi ukawa umefutika. Page akaenda mahakamani. Majaji wa mahakama hiyo wenyewe wakajiondoa, likaundwa jopo jingine kusikiliza kesi, naye akashinda kesi, kisha akashinda na kura. Akawa Mmarekani mweusi wa kwanza katika mahakama ile, akakaa mpaka 2015 alipofika umri wa miaka 70, ambao sheria inamtaka jaji astaafu.

Nikusimulie na habari ya Canton. Jumba la Kumbukumbu la wachezaji bora wa futiboli liko mjini kwao hapohapo, na alipokuwa kijana alifanya kibarua wakati likijengwa. Mwaka 1988 akarudi kutunukiwa ndani ya jengo lilelile. Wengine huchagua kocha au mchezaji mwenzao awatambulishe. Yeye alimchagua mwalimu mkuu wa shule moja ya Minneapolis, mama Willarene Beasley, na hotuba yake ikawa juu ya watoto na kusoma. Mwaka huo yeye na Diane wakaanzisha wakfu wa kuwalipia vijana ada ya chuo, kwa sharti kwamba kila anayesaidiwa naye aende kuwafundisha watoto wadogo.

Diane alifariki mwaka jana, Septemba. Miezi miwili baadaye Page alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais, na Diane hayupo wa kumshika mkono. Hilo hunihuzunisha kila nikilikumbuka.

Na kidole. Tafuta picha yake, utaona. Kidole chake kidogo cha mkono mmoja kilitenguka uwanjani mara kadhaa, sasa kimepinda kwenda nje kama kona ya meza. Yeye na bintiye wametunga kitabu cha watoto kuhusu kidole hicho. Nilipokiona nikakumbuka chako cha mkono wa kulia, siku ile kule Likoni ulipokifunga kwa plasta ya baiskeli ukarudi langoni, na penalti ukaidaka.

Kwa hiyo nenda chuoni Jumatatu, uliza kama mwaka ule mmoja bado wanauhesabu. Ada ya muhula wa kwanza nitaituma mwisho wa mwezi, nimeshaongeza zamu mbili za usiku kwa ajili hiyo, usibishane nami. Niandikie karatasi gani zinatakiwa. Na cheti chako cha kidato cha nne, kama hukumbuki ulipokiweka, kiko kwa Mama, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na picha za timu.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Athumani