Hangry siyo tusi, shosti

Shosti wangu,

Mambo? Huku Dar joto balaa ila tupo. Meseji yako nimeisoma, eti bosi wako Mzungu kakwambia "I'm hangry" ukadhani kakosea kutamka au ndo anakutisha. Wala hajakosea, hapo kaichukua hungry ya njaa kaibandika kwenye angry ya hasira. Mwanangu akirudi shule begi linatupwa kule, analilia kamba ya kiatu, ukimuuliza kitu anafoka, akishamaliza andazi la pili anaanza kukupigia stori za darasani kama siyo yeye. Ndo hangry hiyo. Na limekaa vizuri kwa sababu njaa na hasira kwa Kiingereza yanaishia sauti moja, kwaiyo ukilisikia unasikia yote mawili kwa mpigo.

Wenzetu wa Kiingereza wanayapenda haya maneno ya kuunganisha mawili kuwa moja toka zamani. Lewis Carroll, mwandishi wa Kiingereza, mwaka 1871 aliyafananisha na lile sanduku la safari linalofunguka pande mbili, maana mbili ndani ya neno moja. Brunch ilianza Uingereza 1895, breakfast na lunch, jamaa mmoja anaitwa Guy Beringer aliwaombea mlo huo watu wanaokesha Jumamosi wakachelewa kuamka Jumapili. Smog ni smoke na fog, moshi na ukungu wa London. Na sisi je, si tuna chajio, chakula cha jioni? Afu Tanzania yenyewe, Tanganyika na Zanzibar, tunaitamka kila siku tangu 1964 wala hatukumbuki kama iliunganishwa.

Ila sikiliza, hayafanani kwenye kutumia. Brunch utaiandika hata kwenye ratiba ya wageni wa ofisi, imeshazoeleka. Hangry imeingia kamusi ya Oxford 2018 lakini bado ni ya mdomoni, ya watu mliozoeana, usije ukaiweka kwenye barua ya mteja. Na zaidi ya yote, mtu kujisemea mwenyewe ni sawa kabisa, ila ukimwambia mwenzio "you're hangry" wakati ana jambo limemuudhi kweli ni kama unamwambia hana hoja, ni tumbo tu linaongea, na hilo linauma jamani.

Kwaiyo bosi akisema tena we mwache ale kwanza, ile ripoti yako mpelekee baada ya chai. Nisalimie mama.

Wako wa siku zote