Barua kwa wadogo zangu mnaotaka kuufuata mto Danube kwa baiskeli

Wadogo zangu, salaam. Nawaandikia nyie mliostaafu na mnaokaribia kustaafu, mlioko Uingereza na huku Ujerumani, mnaopanga safari ya baiskeli mwakani. Nimekasirika na sifichi. Siku tatu zilizopita nimekwenda Passau, mji wa Ujerumani mpakani na Austria, kumchukua mwenzenu, nimemkuta kwenye benchi pale mito inapokutana, peke yake, mabegi yako chini, goti limevimba kama embe dodo, na wenzake watatu wameshaingia Austria wanatuma picha kwenye grupu.

Nikawapigia. Jibu nililopewa, "dada, yeye mwenyewe alisema twendeni tu." Sasa mlitaka aseme nini? Mtu kafanya zamu za usiku miaka 30 kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kageuza watu vitandani mpaka mgongo umekwisha, na kila akiulizwa anasema niko sawa kwa sababu akisema vingine zamu anapewa mtu mwingine. Huyo ndo mnamsikiliza mdomo badala ya kuangalia mguu wake?

Walianzia Donaueschingen, ndiko Danube unakoanzia, na ratiba ya kilomita 100 kila siku kwa sababu tiketi za kurudi kutoka Romania zilishanunuliwa. Mto hadi Bahari Nyeusi ni kama kilomita 2,850, wakagawanya kwa mia, wakapata siku 29, wakaridhika. Siku ya kupumzika hata moja hamna.

Nilipoungana nao Regensburg niliwauliza, mlisimama Immendingen mkaona mto unavyozama? Wakatazamana. Wadogo zangu, pale, asubuhi ya kwanza kabisa ya safari, Danube unaingia ardhini, unamezwa na mawe ya chokaa, na kiangazi mara nyingi unatembea kwa miguu katikati ya mto mkavu unaokota kokoto, maji yenyewe yanaibukia kilomita kama 12 kutoka hapo kwenye chemchemi ya Aach halafu yanaelekea Rhine. Mtu amengoja kustaafu aone kitu kama hicho halafu anapita akiangalia saa.

Nikapanda nao mpaka Straubing. Yeye alikuwa wa mwisho muda wote, na nikiwa nyuma yake niliona tatizo: kiti kiko chini mno, kila akikanyaga goti linapanda karibu na stelingi, na gia aliyoweka ni nzito ili asiachwe. Nikasema tusimame turekebishe, wakasema jioni. Jioni walifika wamechoka wakalala. Mimi kesho yake nikarudi kwangu, na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu spana nilikuwa nayo mkobani.

Basi sikilizeni. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Usiponyooka pandisha kiti, leo, kabla ya kuondoka nyumbani. Gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma. Anayekwenda polepole akae mbele, yeye ndo anayeamua mwendo, na akisimama wote mnasimama. Kilomita 40 au 50 zinatosha, na kila siku ya nne baiskeli zipumzike. Passau hadi Vienna ni kama kilomita 300, lami tupu na tambarare, chukueni siku kumi, shida iko wapi? Sisi tumelelewa na watu waliokuwa wakingojana hata kwenda kisimani. Tumekuja huku tukaajiriwa na saa, sawa, tulikuwa na watoto wa kusomesha, lakini kazi imeisha na saa bado tunaitii, na siku hizi ipo na programu kwenye simu inakupa medali ukimuacha mwenzio nyuma.

Mengine kwa haraka. Wenye pasipoti ya Uingereza mnapewa siku 90 katika kila 180 ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, Croatia inahesabiwa tangu 2023, Romania na Bulgaria nazo sasa zimo kikamilifu tangu Januari 2025, Serbia haimo. Ndugu wanaotoka Dar au Nairobi wanahitaji viza na bima isiyopungua yuro 30,000. Kadi ya afya ya Uingereza itakutibu ila haikurudishi nyumbani, kateni bima. Baiskeli ya umeme si aibu, inakusaidia mpaka spidi 25, ila betri yake hairuhusiwi kwenye ndege kwa hiyo kodini huku. Vibao vya njia yenu ya baiskeli ni vya bluu vyenye nyota na namba 6. Serbia na Romania kuna sehemu mtagawana barabara na malori, na mbwa wapo, msifike huko mkiwa hoi. Tyubu mbili, spoku za akiba, mafuta ya cheni. Na kanga, inakauka haraka kuliko taulo.

Mwenzenu yuko kwangu. Namkandia goti kwa mfuko wa njegere za barafu, leo ametembea mpaka dukani kununua mkate akarudi. Baiskeli iko stoo, kiti nimeshakipandisha sentimita tatu. Jana usiku wale watatu wamenipigia, wako Melk, wanauliza kama wamsubiri. Nimewaambia wamuulize yeye, simu anayo.