Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kununua mashua ya mashindano

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesita pale unaponieleza kwamba mwenye ile J/24, aina ya mashua ya matanga unayoitaka, anakuhakikishia kuwa mashua yake "inakimbia noti tisa", yaani maili tisa za baharini kwa saa. Simwiti mwongo. Huenda siku moja, upepo mkali ukitoka nyuma, tezini, na wimbi likiisukuma, aliisoma namba hiyo kwa macho yake. Ila haikuambii lolote kuhusu chombo unachotaka kukinunua, na ndiyo maana nakuandikia kabla hujatoa arubuni.

Chombo chenye mkuku mzito, ule uti ulio chini ya mwili wake, maadamu kinapasua maji badala ya kuteleza juu yake, hufungwa na mawimbi kinayoyazusha chenyewe. Mabaharia wana hesabu yao ya zamani: chukua urefu wa chombo pale kinapokalia maji, kwa futi, utafute kipeuo chake cha pili, kisha uzidishe kwa 1.34. J/24 ina futi 20 majini, kwa hiyo jibu ni karibu noti 6, iwe mpya au kuukuu. Kinachozidi hapo ni mteremko wa wimbi, au ni mkondo, kwa kuwa kifaa cha setilaiti hupima mwendo wako juu ya ardhi wala hakijui kwamba maji yenyewe yanatembea.

Mtu hushinda au kushindwa mashindanoni wakati wa kupiga bisho, chombo kinapopanda kuelekea upepo unakotoka. Mashua inayokwenda noti 6 kwa pembe ya digrii 45 na upepo inausogelea upepo kwa noti 4.24. Nyingine yaweza kukimbia noti 6.3, lakini ikiwa haiwezi kuukaribia upepo kwa pembe ndogo kuliko digrii 50, inausogelea kwa noti 4.05 tu, na katika kila maili moja ya kupanda itaachwa kama sekunde 40. Nahodha wa hiyo ya pili atarudi pwani akijisifia kasi, na hatadanganya. Ila atakuwa amelifikia boya wenzake wakiwa wamekwisha kuligeuka.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa aina uliyoichagua. Rod Johnstone aliibuni J/24 katika miaka ya 1970, na tangu wakati huo zimeundwa zaidi ya 5,000 kwa vipimo vilevile, kwa hiyo huna haja ya kumwamini mtu. Tafuta J/24 nyingine ambayo hushika nafasi za kati mashindanoni, mwombe mwenyewe atoke nanyi, mpige bisho sambamba kwa dakika kumi, kila mmoja akiwa na upepo safi, usiozibwa na matanga ya mwenzake. Kisha mbadilishane manahodha na kurudia. Ikiwa ubora utamfuata mtu, basi vile vikombe ulivyoonyeshwa kabatini ni vyake yeye, na atakapokuuzia mashua ataondoka navyo. Ubora huo ukibaki kwenye chombo, una jambo la kuzungumza. Mkiwa huko nje, shika kana, ule mkono wa usukani, kwa vidole viwili: ikikuvuta mkono mpaka uchoke, huenda mlingoti umeegemezwa nyuma mno, kasoro inayorekebishika kwa saa chache.

Ila kuna yasiyorekebishika kwa saa chache. Mwili wa J/24 ni matabaka mawili ya faiba, na katikati yake ni balsa, mbao laini na nyepesi ambayo ikikaa kavu hudumu, na ikipata maji kupitia tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri huanza kuoza bila mtu kujua. Mashua yangu ya kwanza ya aina hii niliipenda kwa rangi yake, nakiri. Niligonga sitaha kwa sarafu kama nilivyofundishwa, ko, ko, ko, na nilipofika karibu na pale nyaya za mlingoti zinapofungwa mlio ukageuka, bu, kama mtu anayegonga mto wa kulalia. Niliusikia vizuri kabisa. Nikajiambia kwamba ni unyevu wa asubuhi. Baada ya miezi mitatu fundi alipofungua, balsa ilichoteka kwa kijiko kama tope jeusi, na ile mashua iliyokuwa ikibaki nyuma kila upepo ukipungua ikajieleza yenyewe, maana ilikuwa imebeba maji ndani ya ngozi yake. Kwa hiyo sharti lako la kwanza liwe kuitundika kwenye winchi yenye mizani na kuulinganisha uzito wake na ule ulioandikwa katika kanuni za mashindano za mashua za aina yake.

Mkuku ni wa risasi. Angalia ufa pale unapoungana na mwili, na ndani uangalie sakafu juu ya ncha yake ya nyuma, kwa sababu mashua ikigonga mwamba, ncha hiyo ndiyo inayosukumwa juu. Usukani utikise: ukicheza, punguza bei.

Matanga yasikukoseshe usingizi. Lililozeeka utalijua kwa kulala chini yake na kutazama juu: kitumbo chake kimehamia nyuma badala ya kukaa mbele ya katikati. Matanga hununuliwa, kama nyaya zinavyonunuliwa, na mwenyewe asipokumbuka mwaka zilipofungwa, zihesabu kuwa ni za kubadilishwa.

Usikubali kufanyia majaribio siku ya upepo mzuri pekee. Omba na siku ya upepo mdogo, ambapo uzito na uchafu wa chini hauna pa kujificha. Na utakapogonga kwa sarafu ukasikia ule mlio wa pili, usimwulize muuzaji kwa nini. Weka alama kwa chaki, uendelee kugonga mpaka ujue doa lina ukubwa gani, halafu unipigie simu ukiwa bado uko chomboni.

Mjomba wako