Tuandike majina nyuma ya picha zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wasomaji wenzangu, hasa wa Kigoma na Tabora, jambo moja. Katika picha nyingi tulizojaza kwenye simu zetu, kila familia ichague chache, izisafishe kwenye karatasi, kisha nyuma ya kila moja iandike majina ya watu waliomo, mahali ilipopigwa na mwaka. Ombi hili nimefundishwa na msiba, na kwa ruhusa yako nitaeleza ulivyonifundisha.

Mdogo wangu, ambaye Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka jana, alikuwa na kazi Tabora, na mke na watoto hapa Ujiji. Kwa miaka kumi na zaidi alisafiri kwa treni kati ya miji hiyo miwili, safari ya yapata kilomita 400 ambayo kwa reli yetu ya zamani huchukua saa nyingi. Wengi wetu tukishapata kiti huegemeza kichwa tukalala. Yeye hakulala. Tangu aliponunua simu janja yake ya kwanza alijizoeza kupiga picha katika kila kituo ambacho treni ilisimama, na hakupiga majengo wala mabehewa bali watu: mama anayeinua beseni la samaki dirishani pale Nguruka, vijana wenye mifuko ya chumvi Uvinza, mzee wa madumu ya mawese Kazuramimba, mtoto wa Urambo mwenye chupa za asali akikimbia sambamba na behewa kwa sababu mnunuzi alikuwa bado hajamlipa.

Alikuwa na adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kupiga, na kila mara aliuliza jina. Safari iliyofuata alimtafuta mtu yule yule ili amwonyeshe picha yake. Akifika nyumbani, jioni tukiwa barazani, alifungua simu akatusimulia: huyu alianza kuuza samaki mumewe alipougua, huyu amehamia Kaliua kwa binti yake, huyu safari hii sikumwona, nimeambiwa amefariki. Picha zilikuwa ndani ya simu na majina yalikuwa kichwani mwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba vyote viwili vilimtegemea mtu mmoja.

Alipofariki, simu ilibaki imefungwa kwa neno la siri ambalo hakumwachia mtu. Shemeji yangu alijaribu tarehe za kuzaliwa za watoto wote wanne, na kila alipokosea simu ilimwongezea muda wa kusubiri. Tulipoipeleka kwa fundi, alitueleza kwa upole kwamba angeweza kuiflashi ili itumike tena, lakini kuiflashi ni kufuta kila kilichomo. Nilidhani ni upungufu wa ujuzi, nikaipeleka kwa mwingine, naye akasema hivyo hivyo. Baadaye nilielewa kwamba walisema kweli. Simu za miaka ya karibuni huhifadhi picha na ujumbe kwa mafumbo, na neno la siri ni sehemu ya ufunguo wake. Bila neno hilo hata ukiifungua simu yenyewe na kuchomoa kifaa cha kumbukumbu, kilichomo hakisomeki. Ulinzi huo humsaidia aliyeibiwa simu, nami siulaumu. Lakini nimemwona mjane akiwa ameishika simu ya mumewe mkononi, yenye sura yake na sauti yake ndani, asiweze kuvifikia, na sitaki familia nyingine ipitie hapo.

Wapo watakaosema kwamba angezihifadhi mtandaoni. Njia hiyo ni nzuri, ila ina masharti ambayo wengi hawayajui. Google, kwa mfano, iliruhusu picha zilizopunguzwa ubora ziwekwe bure bila kikomo hadi mwisho wa Mei 2021. Tangu Juni mosi ya mwaka huo picha mpya zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe za mwenye akaunti. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na yaliyomo. Marehemu hafungui akaunti yake. Ipo sehemu ya mipangilio ambapo mwenye akaunti anaweza, angali hai, kumteua mtu wa kupewa vitu vyake akaunti ikikaa muda mrefu bila kutumika, na nawasihi wenye akaunti hizo waitafute.

Tulichobaki nacho sisi ni picha kumi na tisa ambazo mdogo wangu aliwahi kututumia katika kundi la familia la WhatsApp. Zimepungua ubora, maana programu hiyo huzibana picha ili zipite kwa bando dogo, na zimevuliwa taarifa ambazo kamera huandika ndani ya picha, kama vile saa na mahali. Nilipozinakili kwenye kompyuta nilitazama jina la kila faili. Herufi IMG, tarehe, herufi WA, namba. Hata tarehe hiyo haitokani na siku picha ilipopigwa. Inatokana na safari yake ndani ya WhatsApp. Mama wa Nguruka, ambaye mdogo wangu alimjua mpaka jina la mjukuu wake, leo katika familia yetu anaitwa IMG na tarakimu kumi na mbili.

Ndugu Mhariri, sisi wa pande hizi tunajua vizuri maana ya sura isiyo na jina. Hapa Ujiji mgeni huletwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871. Picha maarufu ya mkutano huo ni mchoro uliotengenezwa baadaye. Hapakuwa na kamera. Ndani yake Wazungu wawili wanasalimiana na kuvuliana kofia, na pembeni yao umesimama umati. Wale wawili dunia nzima inawajua. Susi na Chuma, waliomtumikia Livingstone, majina yao yamesalimika kwa sababu yaliandikwa. Wengine wote, wakiwemo wenyeji wa mji huu ambao pengine ni mababu wa watu wanaosoma barua hii, wamebaki kuwa umati.

Tabora nayo ina yake. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu, nguo na shanga kati ya Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na pwani walipigwa picha mara nyingi katika zama za Wajerumani, na maelezo yaliyo chini ya picha hizo kwa kawaida hayazidi neno wapagazi au jina la kabila lao. Ndivyo ilivyo pia kwa wengi waliotandika reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Aliyeshika kamera hakuona haja ya kuuliza jina. Miaka yote niliyofundisha historia niliwalaumu wapiga picha wale mbele ya wanafunzi wangu, na bado nawalaumu. Lakini sisi tunaoshika kamera leo tunawapiga watu wetu wenyewe, ambao tunajua majina yao na majina ya baba zao, na hatuandiki. Udhuru wetu siuoni.

Zamani picha ilikuwa ghali, na nadhani ughali huo ulitufanya waangalifu. Mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha 24 au 36, basi. Mtu alivaa nguo ya Idi au ya Krismasi akaenda studio, akasimama mbele ya pazia lililochorwa maua na ngazi ya jumba, kisha akarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha iliyosafishwa. Kwa kuwa mara nyingi ilikuwa ikitumwa kwa ndugu wa mbali, nyuma yake aliandika kwamba ni kumbukumbu kwa kaka mpendwa au kwa mama mzazi, akataja jina lake, mji na mwaka. Mama yangu alitunza picha za namna hiyo katika kopo la biskuti, na wajukuu waliozaliwa baada ya yeye kufa wanawajua shangazi zao kwa maandishi yale. Sisemi turudi kwenye filamu. Mdogo wangu asingeweza kumudu mikanda ya kupiga vituo vyote vile kwa miaka kumi. Simu ndiyo iliyompa uwezo huo, na ninaishukuru. Ninachodai ni maandishi.

Kwa atakayelikubali ombi langu, nina machache niliyojifunza kwa kuharibu picha zangu mwenyewe. Penseli laini inafaa kuliko kalamu, kwa sababu wino huweza kuhamia kwenye uso wa picha nyingine zikipangwa pamoja, na mkono usikandamize, la sivyo maandishi hutokeza upande wa pili. Karatasi nyingi za picha za siku hizi zina utando unaoteleza ambao penseli haiushiki. Hapo andika kwenye kipande cha karatasi na uweke vyote viwili katika bahasha moja. Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu nimeziacha kabisa, maana gundi hugeuka njano na kung'ang'ania picha hata isitoke bila kuchanika. Wanaoishi karibu na maji waweke bahasha juu, si chini ya kitanda; miaka ya 2020 na 2021, Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia katika makazi ya mwambaoni, jirani zangu waliokoa magodoro na masufuria, na picha zikalowa. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine, kwa ndugu wa mji mwingine ikiwezekana. Anayetuma picha kwa WhatsApp kwa ajili ya kusafishwa aitume kama dokumenti, ili isibanwe. Na neno la siri la simu liandikwe, lifungwe katika bahasha, apewe mtu mmoja unayemwamini.

Kazi ya kuandika majina ifanywe pamoja na wazee wangali hai. Nimejaribu mwezi uliopita: mjukuu wangu wa darasa la sita alishika penseli, na shangazi yetu, ambaye macho yake hayaoni mbali lakini picha anaisogeza karibu na pua, alitaja majina. Kwa picha moja ya harusi tulikaa saa nzima na nusu, maana kila jina lilikuja na ukoo wake, kijiji chake, na ugomvi uliomfanya asimame mbali na mwenzake. Mtoto yule aliandika mpaka nafasi ikaisha.

Nasisitiza jambo hili sasa kwa sababu njia yenyewe aliyoipiga picha mdogo wangu inabadilika. Tangu Julai 2024 abiria wanatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya umeme yenye uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa, na mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye urefu wa kilomita 506 pamoja na njia za kupishania treni, ulisainiwa Desemba 2022. Naisubiri reli hiyo kwa hamu. Wagonjwa wetu na wanafunzi wetu wameteseka vya kutosha. Ila treni iendayo kasi haisimami kila mahali, na beseni la samaki halitainuliwa tena dirishani. Aliye na picha za vituo hivyo, za abiria wenzake, za wauzaji aliowazoea, asingoje.

Namalizia kwa kuomba msaada. Katika kopo la mama kuna picha moja isiyo na neno lolote nyuma, iliyopigwa stesheni ya Tabora. Wanaume saba wa reli wamesimama mbele ya behewa lenye herufi EAR, za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na kwa kuwa Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 nakisia kwamba ilipigwa kabla ya hapo. Wa tatu kutoka kushoto ni baba yangu. Wanne wengine nawajua, kwa kuwa aliwataja alipokuwa hai nami nikakumbuka. Wa kwanza kushoto ni mtu mrefu aliyeshika bendera iliyokunjwa na taa ya mkono, ana kovu juu ya nyusi ya kulia. Wa mwisho kulia ni kijana mdogo sana ambaye kofia imemzidi kichwa, na ndiye pekee anayecheka. Hao wawili siwajui. Nimeambatanisha nakala, na nafasi ikiruhusu naomba uichapishe, ili msomaji yeyote wa Tabora, Urambo, Kaliua au popote walikostaafia watu wa reli, akimtambua mmoja wao, akuandikie. Majina matano nimekwisha kuyaandika nyuma ya picha. Nafasi mbili nimeziacha wazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.