Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Kuitambua Miti ya Miombo Majira kwa Majira

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Tunaomba kukueleza kazi tunayoipenda: kuitambua miti ya asili katika msitu wa miombo.

Mheshimiwa, ziara moja haitoshi kuujua mti. Mwezi Agosti mninga huwa hauna jani, lakini maganda yake ya mviringo, yenye miiba katikati na bawa pana kama karatasi pembeni, bado yananing'inia. Hapo kuutambua ni rahisi. Mvua zikikaribia huchanua maua ya manjano kwa muda mfupi. Baadaye hubaki majani tu, na makosa huanzia hapo.

Kosa kubwa ni kuhesabu vijani, yaani vipande vidogo vinavyounda jani moja, kana kwamba kila kimoja ni jani kamili. Tafuta chipukizi: hukaa kwapani, kikonyo cha jani kinapoungana na tawi. Pale kipande kimoja tu cha jani kinapoungana na kikonyo hakuna chipukizi. Ukishalipata jani zima, hesabu jozi za vijani. Mti wa miombo uitwao kitaalamu Brachystegia spiciformis mara nyingi huwa na jozi 3 au 4, na ya nchani ndiyo kubwa kuliko zote. Mti mwingine wa miombo, Julbernardia globiflora, huwa na 5 au 6, kubwa zikiwa za katikati. Usipime majani ya machipukizi ya kisiki, kwani huwa makubwa kupita kawaida. Tazama matawi ya juu kwa darubini. Wala usitegemee wekundu wa majani machanga ya Septemba na Oktoba: miti mingi ya miombo huwa nao, na hugeuka kijani muda si mrefu.

Mkongo hutambulika kwa gome linalobanduka vipande vya mviringo, na mbegu nyeusi zenye kikofia chekundu. Utomvu mwekundu wa mninga tunautazama kwenye majeraha ya zamani tu. Hatukati gome hifadhini.

Mheshimiwa, tunaomba mambo matatu. Kwanza, ruhusa ya kuweka vibati vya namba kwenye miti, mita 1.3 kutoka ardhini, msumari wa alumini ukiachwa nje sentimita kadhaa ili mti ukinenepa usikimeze kibati. Pili, darubini mbili. Tatu, ubao wa kukandamizia sampuli pamoja na magazeti ya kutosha, maana karatasi zisipobadilishwa kila siku mwanzoni, sampuli huota ukungu na maua hupoteza rangi.

Tunaomba kuwasilisha.